Somo la Sanaa Lipo Kwenye Ratiba, Halipo Darasani: Jinsi ya Kulidai Katika Shule za Mwanza

Omba kuona ratiba ya Darasa la IV katika shule ya serikali, Ilemela au Misungwi, na somo la Sanaa na Michezo utalikuta limeandikwa. Kaa mpaka kipindi chenyewe kifike. Si ajabu ukakuta ubaoni kuna maswali ya Hisabati, au darasa zima limetolewa uwanjani: mpira mmoja, wavulana ishirini wanaukimbilia, wengine wote wamekaa chini ya mwembe. Anayetaka kulitetea somo hili aanzie hapo. Akianza kwa kulalamika kwamba serikali haijali sanaa, atajibiwa kwa sentensi moja tu, kwamba somo lipo kwenye mtaala.

Na ni kweli lipo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, ilileta mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024. Katika elimu ya msingi, Sanaa na Michezo ni somo lenye jina lake na muhtasari wake kwa Darasa la III hadi la VI, na kwa Darasa la I na la II sanaa imeunganishwa na utamaduni na michezo. Sekondari kuna mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi, ambao umezipa fani za sanaa nafasi. Miaka ya nyuma sanaa ilikuwa ikijificha ndani ya Stadi za Kazi na Haiba na Michezo, na aliyeitetea alilazimika kuomba somo liundwe. Sasa anaomba kitu chepesi zaidi kukieleza na kigumu zaidi kukikwepa: kilichoandikwa kifundishwe.

Hoja zinazosimama

Hoja inayopendwa kuliko zote ni kwamba sanaa huongeza akili na kupandisha alama za Hisabati. Tunashauri iachwe. Mwaka 2013 Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, OECD, lilichapisha mapitio makubwa ya tafiti za elimu ya sanaa. Yalionyesha kwamba wanafunzi wanaosoma sanaa mara nyingi hufaulu vizuri, lakini hilo halithibitishi kuwa sanaa ndiyo iliyowafaulisha, kwa sababu watoto wa shule zenye uwezo na familia zenye uwezo ndio wanaopata sanaa zaidi. Kwenye majaribio yanayolinganisha vikundi, ushahidi kwamba kuchora hupandisha hesabu haukupatikana. Mwalimu mkuu akikuuliza takwimu za hoja hiyo utakwama, na ukikwama kwenye hoja ya kwanza hutasikilizwa kwenye ya pili.

Mapitio hayohayo yalikuta ushahidi mzuri mahali pengine. Uigizaji wa darasani huimarisha lugha, na muziki husaidia watoto kutambua sauti zinazounda maneno, jambo linalohitajika mno mtoto anapoanza kusoma. Kwa mkoa kama wetu hoja hii ina uzito wa pekee. Mtoto wa Kwimba anaamka na Kisukuma, wa Ukerewe anaamka na Kikerewe au Kijita, shuleni anakutana na Kiswahili, na akifika Kidato cha I anafundishwa Baiolojia kwa Kiingereza. Njiani hapo anahitaji mahali pa kufungua mdomo bila kuchekwa. Mazoezi ni rahisi: wanafunzi wawili wawili, mmoja mchuuzi wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, mwingine mnunuzi, kila mmoja sentensi sita za Kiingereza, kisha wanabadilishana. Katika dakika 20 kila mtoto amezungumza, hata darasa liwe na watoto 90. Katika kipindi cha kawaida cha maswali na majibu, mwalimu akijitahidi sana atawafikia kumi.

Jaribio lingine la kulitaja ni la Houston, Marekani. Shule 42 zilipangwa kwa bahati nasibu, nyingine zikaongezewa sanaa na nyingine zikabaki zilivyo, na wanafunzi waliofuatiliwa walizidi 10,000. Kwenye shule zilizoongezewa, wanafunzi waliopewa adhabu za nidhamu walipungua kwa pointi 3.6 za asilimia, alama za uandishi zikapanda, na watoto wakaonyesha kuwajali wenzao zaidi. Hisabati na Sayansi hazikubadilika kwa kiwango cha kuhesabika. Hilo la mwisho ndilo la kumwambia mwalimu wa taaluma mwenye hofu ya matokeo: muda uliokwenda kwenye sanaa haukuzishusha alama hizo. Lakini mwambie pia ukweli kwamba madarasa ya Houston si ya watoto 90, ili asije akaugundua mwenyewe na kukuona umemficha.

Hoja ya tatu haihitaji utafiti wa ng'ambo, inahitaji samaki wawili. Waambie Darasa la V wachore samaki. Karibu wote watachora umbo la yai, mkia wa pembetatu na jicho moja la duara, tena watoto waliozaliwa mita mia mbili kutoka ziwani. Wanachora alama waliyoizoea, hawachori samaki. Sasa weka mezani sato mmoja na sangara mmoja mdogo. Waulize: pezi la mgongoni linaanzia wapi na linaishia wapi? Watagundua kwamba la sato ni refu, moja, limekwenda mfululizo, na la sangara limekatika katikati kama mapezi mawili. Mkia wa sangara ni wa mviringo. Magamba yanapishana kuelekea nyuma. Wachore tena. Weka mchoro wa kwanza na wa pili upande kwa upande, mpelekee mwalimu wa Sayansi, na hutahitaji kueleza sanaa inafundisha nini. Inafundisha kutazama kabla ya kusema unajua, na uwezo huo unatumika kwenye darubini, kwenye ramani, kwenye kidonda anachokikagua muuguzi.

Kuhusu ajira tuseme kwa kifupi, maana hapa ndipo watetezi wengi hutoa ahadi kubwa kupita kiasi. Wachache watakuwa wasanii wa kulipwa. Wengi zaidi watakuwa mafundi ambao kazi yao ina umbo, kipimo na rangi ndani yake: anayechora jina la mtumbwi, anayebuni geti, anayekata gauni la kitenge bila kupoteza nusu mita ya kitambaa, anayetengeneza bango la duka. Mteja anamlipa zaidi aliyejifunza kupanga nafasi na rangi kuliko anayebahatisha.

Upande wa utamaduni tuna utajiri ambao mikoa mingi ingeutamani. Kisesa, kiasi cha kilomita 20 kutoka mjini kwenye barabara ya Musoma, kuna Makumbusho ya Bujora, yaliyotokana na kazi ya Padre David Clement kutoka Kanada kuanzia miaka ya 1950, na ndani yake zimehifadhiwa ngoma za watemi. Kila Juni hapo huchezwa Bulabo, tamasha la ngoma la Wasukuma, makundi mawili ya Wagika na Wagalu yakishindana, na kipimo cha kale cha mshindi ni umati: kundi linalowavuta watazamaji wengi ndilo limeshinda. Mwalimu anayetaka kufundisha maana ya hadhira hana haja ya kutafuta mfano mbali.

Kipindi chenyewe kiweje

Maombi mengi hukataliwa kwa sababu yanatajwa kama ndoto: tunataka chumba cha sanaa, piano, rangi za maji. Leta hesabu ndogo inayotekelezeka. Rimu moja ina karatasi 500. Ukikata kila karatasi katikati unapata vipande 1,000. Darasa la watoto 90 likichora mara kumi kwa muhula, linatumia vipande 900. Kwa hiyo rimu moja inatosha darasa moja kwa muhula mzima, na vipande 100 vinabaki kwa walioharibu. Karatasi za mifuko ya saruji, ukizikung'uta na kuzifuta kwa kitambaa chenye unyevu, zinafaa sana kwa michoro mikubwa ya vikundi. Tumia tabaka lisilogusana na saruji, kwa sababu vumbi la saruji linaunguza ngozi.

Penseli za mkaa zinatengenezwa shuleni. Chukua vijiti vilivyonyooka vya mti laini, unene wa penseli, vimenywe na vikaushwe. Vipange kwa kubana ndani ya kopo la bati, funga kifuniko, toboa tundu moja kwa msumari, kisha weka kopo kwenye moto. Moshi utatoka tunduni. Ukikoma, kwa kawaida baada ya kama saa moja, ondoa kopo na uliache lipoe kabisa bila kulifungua. Hapa ndipo wengi huharibu: kopo likifunguliwa la moto, hewa inaingia, vijiti vinawaka na kubaki majivu. Mkaa wa mti mgumu nao haufai, unakwaruza karatasi bila kuacha weusi.

Rangi zinapatikana ardhini. Udongo mwekundu, chokaa, mkaa uliosagwa. Vyote vichekechwe kwa kitambaa cha nguo ya zamani mpaka viwe laini kama poda, kisha vichanganywe na gundi ya mgunga iliyolowekwa usiku kucha. Gundi ikiwa kidogo, rangi hufutika kwa kidole; ikizidi, hupasuka inapokauka. Jaribuni kwenye kipande kimoja kabla ya kuchanganya ndoo nzima. Kwa barakoa na maumbo ya karatasi, uji wa unga wa muhogo unatosha: kikombe kimoja cha unga kikorogwe kwanza kwa maji baridi, kisha kiongezwe vikombe vitano vya maji na kupikwa mpaka ung'ae. Bandikeni matabaka mawili kwa siku, si zaidi. Yakizidi, ndani hubaki mabichi na kuota ukungu, hasa Machi na Aprili.

Ufinyanzi ndio unaowakatisha tamaa walimu, kwa sababu vyungu hupasuka motoni na mwalimu huamini hana kipaji. Sababu kwa kawaida ni maji. Udongo unaoonekana mkavu nje bado una unyevu katikati, na ukipata moto wa ghafla unyevu huo hugeuka mvuke na kupasua chombo. Kuta zisizidi unene wa kidole, udongo uchanganywe na mchanga mzuri au vigae vilivyosagwa, sehemu moja kwa nne au tano za udongo, ukaushwe kivulini angalau wiki mbili, na motoni uanze na joto dogo la pembeni kwa saa moja au zaidi kabla ya kufunikwa kwa kuni na nyasi. Mama mfinyanzi wa kijiji anayajua haya kuliko kitabu. Mwalikeni na mumlipe, hata kama ni kidogo. Mtaalamu yeyote anayetoka nje ya shule aandikwe kwenye daftari la wageni na afundishe akiwa na mwalimu darasani muda wote. Asiachwe peke yake na watoto.

Ngoma nayo isibaki kuwa ya kupokelea wageni. Kundi la watoto kumi na wawili wanaojua tayari kuchezeshwa kila mgeni anapokuja si elimu ya sanaa, ni huduma kwa mgeni, na wengine wote wa darasa hawajajifunza lolote. Bugobogobo kwa mfano, ngoma ya Wasukuma inayochezwa kwa majembe, inafundishika kwa darasa zima ukiigawa: theluthi wanapiga mdundo kwa mikono, theluthi wanaimba kuitikia, theluthi wanacheza, kisha zamu zinabadilishwa. Majembe yawe ya mbao tupu. Kurusha na kudaka jembe la chuma katikati ya watoto hamsini ni hatari isiyohitaji kuelezwa.

Na upimaji? Mwalimu akipima uzuri tu, wenye kipaji watapata 18 kila mara na wengine watajua hawana lao. Gawanya alama 20 katika mafungu manne ya alama tano: ametazama kwa makini, amejaribu zaidi ya njia moja, ametumia vifaa kwa usahihi, anaweza kueleza alichofanya. Kila mtoto awe na jalada, hata la gazeti lililokunjwa, ambamo kazi zake zimewekwa kwa tarehe. Jalada hilo ndilo litakalowashawishi wazazi na wadhibiti ubora.

Mlango wa kubisha

Usianze kwa mkuu wa mkoa. Anza na ushahidi mdogo. Kwa wiki nne, mwalimu wa somo au mjumbe wa Kamati ya Shule aandike mambo mawili: vipindi vya Sanaa na Michezo vilivyopangwa, na vilivyofundishwa, akitumia shajara ya darasa. Asiandike jina la mwalimu aliyekosa kipindi. Jina likiingia, mazungumzo yanageuka kesi. Pakua muhtasari wa somo kutoka tovuti ya Taasisi ya Elimu Tanzania na upige mstari kwenye idadi ya vipindi na umahiri unaotakiwa.

Mtu wa kwanza ni mwalimu wa taaluma, kwa sababu ndiye anayepanga ratiba. Ombi liwe moja na liwe dogo, kwa mfano: kipindi cha Jumatano cha Darasa la IV A kifundishwe kama kilivyopangwa kuanzia wiki ya pili ya muhula, na mada za sanaa zipewe muda wake badala ya wote kwenda kwenye mpira. Akikubali, muhula unaofuata ongeza darasa la pili. Anayeomba shule nzima kwa mkupuo hupewa ahadi nzuri na haoni kitu.

Mwalimu mkuu na Kamati ya Shule ndio wenye fedha. Ruzuku ya shule za msingi ilipangwa kwa hesabu ya Sh 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na utaratibu wa elimu bila malipo ulipoanza mwaka 2016, Sh 4,000 ziliachwa kwa ajili ya vitabu na Sh 6,000 kupelekwa shuleni. Shule ya watoto 1,000 kwa hesabu hiyo inapata kama Sh 500,000 kwa mwezi, nazo zinagombewa na chaki, mitihani, ukarabati na utawala. Ukifika na ombi la rimu nne, makopo na kilo tatu za unga wa muhogo, una nafasi. Ukifika na ombi la milioni mbili, huna. Mchango wa wazazi unaweza kuombwa kwa makubaliano, lakini hakuna mtoto wa kurudishwa nyumbani kwa kukosa mchango, na kamati ilitamke hilo mbele ya mkutano ili lisipotoshwe.

Juu ya shule kuna Afisa Elimu Kata, kisha Afisa Elimu Msingi wa halmashauri. Watu husahau wawili: Afisa Utamaduni wa halmashauri, ambaye kazi yake inagusa sanaa moja kwa moja, na mdhibiti ubora wa shule, ambaye taarifa yake ikisema somo halifundishwi, mwalimu mkuu atalazimika kujibu kwa maandishi. Kwa jambo la gharama, kama stoo ya vifaa, mwoneni diwani kati ya Oktoba na Desemba, bajeti inapoandaliwa. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na anayekuja Mei amechelewa mwaka mzima.

Siku ya maonyesho kwa wazazi mara nyingi hufeli kwa sababu ya kalenda. Kwenye visiwa na mialo, wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza na kupumzika siku za mbalamwezi, kwa hiyo angalieni mwezi kabla ya kupanga tarehe. Jumamosi mnawakosa Wasabato, Jumapili mnawakosa Wakristo wengine, Ijumaa mchana mnawakosa Waislamu. Alhamisi saa tisa alasiri inafaa. Onyesheni majalada ya watoto wote, siyo ya watano bora, na kila mzazi aelezwe kazi na mtoto wake mwenyewe.

Pingamizi

"Hatuna mwalimu wa sanaa." Mwanza ina Chuo cha Ualimu Butimba, kinachojulikana kwa kuandaa walimu wa muziki, sanaa za ufundi na maonyesho. Ulizeni kwanza kama kwenye shule zenu hakuna aliyepita hapo na sasa anafundisha Uraia. Hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu mwalimu hupangiwa masomo kwa upungufu uliopo. Kama hayupo, shule mbili jirani zinaweza kubadilishana walimu kwa kipindi kimoja kwa wiki, kwa idhini ya Afisa Elimu Kata.

"Ngoma ni mambo ya mizimu." Pingamizi hili lipewe heshima, maana wanaolisema wanalimaanisha. Waonyesheni wazazi mapema wimbo na mchezo utakaofundishwa, epukeni sehemu za matambiko, na mtoto ambaye familia yake haitaki kucheza apewe kazi nyingine ya somo hilohilo, kuchora wachezaji au kutengeneza vifaa. Kumlazimisha kutawapotezea wazazi kumi ili kumpata mchezaji mmoja.

"Mtihani hautungwi kwenye sanaa." Hili ndilo gumu, na jibu la kweli ni kwamba shule yenye hofu ya mtihani itachukua kipindi chochote kisicholindwa. Kilindeni kwa kukiweka katikati ya asubuhi, siyo cha mwisho, kwa sababu vipindi vya mwisho ndivyo vinavyogeuzwa vya ziada. Na alama za jalada ziingizwe kwenye taarifa ya maendeleo ya mwanafunzi anayopelekewa mzazi. Mzazi akishaona mstari wa Sanaa na Michezo ukiwa na alama, atauliza siku ukiwa mtupu.

Kuna jambo moja ambalo huua kazi nzuri kuliko mapingamizi yote: uhamisho. Mwalimu aliyelianzisha anahamishiwa Buchosa, na kila kitu alichojua anaondoka nacho. Tangu wiki ya kwanza, funguo za sanduku la vifaa ziwe mbili, zikae kwa walimu wawili. Daftari moja liwe na azimio la kazi, vipimo vya gundi na rangi vilivyofanikiwa, majina ya wataalamu wa kata na walicholipwa, na orodha ya vifaa vilivyobaki kila mwisho wa muhula. Nakala yake ikae kwa mwenyekiti wa Kamati ya Shule, na mwalimu anayehama alikabidhi kwa saini, pamoja na vitabu na samani nyingine za shule.